Vellore mnayoisikia na Vellore iliyopo

Ndugu zangu mnaojiandaa kuleta mgonjwa au mtoto wa chuo hapa Vellore, kusini mwa India, mmeuliza mambo mawili. Vellore ni mji au ni wilaya? Na kwa nini barua ya miadi ya hospitali inasema Ranipet wakati nyumbani kila mtu anasema Vellore? Vellore ni mji na ni wilaya pia, na maswali yote mawili yana jibu moja: jina limebaki kubwa, wilaya yenyewe imepungua.

Zamani eneo hili lote liliitwa North Arcot. Mwaka 1989 likagawanywa mara mbili, na kipande cha kaskazini ndicho kilichokuja kuitwa Vellore. Sensa ya 2011 iliikuta na watu kama milioni 3.9, sawa na nchi ndogo. Mtu wa Tirupathur aliyetaka saini ya ofisi kuu alisafiri kama kilomita 90 kwenda tu. Ndiyo sababu tarehe 28 Novemba 2019 serikali ya jimbo la Tamil Nadu ikaikata vipande vitatu: Vellore, Ranipet upande wa mashariki, na Tirupathur upande wa magharibi. Kwa hesabu za sensa ileile, Vellore ya leo ina watu kama milioni 1.6 na taluka sita: Vellore, Katpadi, Anaicut, Gudiyatham, K.V. Kuppam na Pernambut. Taluka ichukulieni kama tarafa, ila ina meno zaidi.

Miji mingi ambayo ramani za zamani na mawakala wa safari bado huiweka Vellore haiko huko tena. Arakkonam, Arcot na Walajapet ni Ranipet. Ambur na Vaniyambadi, miji ya ngozi na viatu, ni Tirupathur. Msijaribu kutambua wilaya kwa msimbo wa posta, mtapotea: namba zinazoanza na 632 ziko Vellore na ziko Ranipet pia, maana posta haikuhangaika kubadilisha. Kuna mtego mwingine wa majina. Tirupathur ni jirani yetu hapa Tamil Nadu. Tirupati ni mji wa hekalu kubwa ulioko jimbo la Andhra Pradesh. Mtu akikatiwa tiketi kwa kusikia tu, anaweza kushukia jimbo lingine kabisa.

Sasa Ranipet na barua yenu. Hospitali ya CMC (Christian Medical College), iliyoanzishwa na Ida Scudder mwaka 1900 kwa kitanda kimoja, bado ina jengo kuu mjini Vellore, lakini tangu 2022 ina kampasi nyingine kando ya barabara kuu ya Chennai–Bengaluru, ndani ya wilaya ya Ranipet. Baadhi ya idara zilihamia huko. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, angalieni barua imetaja kampasi ipi. Kupanga mjini na kutibiwa Ranipet ni kulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na mgonjwa wa mgongo au wa mguu hatawashukuru.

Ndege inatua Chennai au Bengaluru. Chennai ndiyo karibu, kama kilomita 140; Bengaluru ni zaidi ya 200. Kwa treni, kituo cha kushukia ni Katpadi, alama yake kwenye tiketi ni KPD. Kipo kingine kinachoitwa Vellore Cantonment, na mgeni akiona neno Vellore hukikimbilia, kumbe kile ni cha njia ndogo ya kwenda Villupuram na treni kubwa nyingi hazipiti. Kutoka Chennai Central hadi Katpadi ni kama saa mbili. Tiketi iliyoandikwa WL maana yake mko kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi isipothibitishwa, hamna haki ya kukaa behewa la viti vilivyowekwa, hata kama hela imeshakatwa.

Katpadi iko kaskazini mwa mto Palar, mji na hospitali viko kusini. Lazima mvuke daraja, na daraja lina foleni yake. Msishangae mkiona mto hauna maji: sehemu kubwa ya mwaka Palar ni mchanga mtupu, kisha mvua za Oktoba hadi Desemba zikikolea hufurika, kama ilivyokuwa Novemba 2021. Viwanda vya ngozi vilivyoko bondeni viliharibu maji ya mto na ya visima kiasi kwamba kesi ilifika Mahakama ya Juu Kabisa ya India, ambayo mwaka 1996 iliamua kwamba mchafuzi alipe. Maji ya bombani ogeeni na fulieni. Ya kunywa nunueni madumu ya lita 20. Muuza duka huleta mpaka mlangoni na kuchukua dumu tupu.

Joto nalo lisemwe wazi. Mtu wa Dar au Mombasa hujiona amezoea, lakini lile la pwani lina upepo. Hapa kumezungukwa na vilima vya mawe, na mawe hayo hutema moto hata usiku. Mwezi Mei kipimo hupita nyuzi 40. Wenyeji wana jina la majuma yale makali, kathiri. Kama tiba inaweza kusubiri, njooni kati ya Desemba na Februari.

Upande wa utawala, mkubwa wa wilaya ni Kolekta. Msimfananishe na mkuu wa wilaya wa kwetu anayeteuliwa kwa siasa: huyu ni mtumishi wa umma aliyepita mitihani ya taifa, ana ardhi, kodi, maafa na uchaguzi mkononi mwake. Chini yake kuna maafisa wa tarafa kubwa mbili, Vellore na Gudiyatham, kisha tahasildari wa kila taluka, kisha afisa wa kijiji. Ofisi ya Kolekta iko Sathuvachari, na Jumatatu hujaa watu wenye malalamiko. Mji wenyewe una halmashauri yake, yenye hadhi ya jiji tangu 2008. Takataka na maji mtawauliza hao.

Lakini mgeni hana shughuli nyingi na Kolekta. Anayemhusu ni polisi. Mwenye nyumba au lodji anatakiwa apeleke taarifa ya mgeni mtandaoni ndani ya saa 24 tangu mfike; wengi bado wanaiita Fomu C. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mwenye nyumba atasema haina haja, kwa sababu anakwepa kodi au hajui mfumo. Miezi inapita, mgonjwa anahitaji kuongezewa muda, mnafungua ombi kwenye e-FRRO, tovuti ya serikali ya kuwahudumia wageni, na mfumo unataka uthibitisho wa makazi ambao haupo. Siku ya kwanza dai nakala, kabla ya kutoa amana. Mkataba wa kupanga huwa wa miezi 11, si ujanja: unaozidi mwaka hulazimu kusajiliwa serikalini.

Viza ya matibabu ya mtandaoni ni siku 60. Kwa saratani, figo au mifupa haitoshi. Ombeni ya kawaida ubalozini, ambayo inaweza kufika mwaka mmoja, na wasaidizi wawili wana viza yao. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 asome maneno yaliyopigwa chapa juu yake: kama yanataka uandikishwaji, ni ndani ya siku 14. Cheti cha homa ya manjano kisisahaulike, na sindano iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri, la sivyo mnaweza kuwekwa karantini uwanjani.

Mliojifunza Kihindi kwenye sinema, kitawasaidia katika lodji za karibu na hospitali, kwa sababu zimejaa wagonjwa wa Bengal na Bangladesh na hata vibao vimeandikwa Kibengali. Ukivuka mitaa miwili ni Kitamil, na kuelekea mpaka wa Andhra ni Kitelugu. Bajaji ni zilezile za kwetu, na bei kubalianeni kabla ya kupanda.

Usiku mgonjwa akizidiwa, gari la wagonjwa, linaloitwa kwa simu namba 108, ni la bure. Ila kwa kawaida humpeleka hospitali ya serikali, na iliyo kubwa ya Vellore iko Adukkamparai, nje ya mji. Kama faili lake liko CMC, mwambieni dereva mapema, au kodini gari.