Vijiko vyeusi mezani: anza kwa kutazama beseni la kuoshea vyombo

Ukiniuliza kama ununue vijiko vyeusi, nitataka kujua kwanza vyombo vya nyumbani kwako vinaoshwa wapi, vinaoshwa na nani, na vinasuguliwa kwa kitu gani. Mambo ya rangi ya sahani na kitambaa cha meza tutayafikia baadaye. Nimetumia vijiko, uma na visu vyeusi hapa Migosi, Kisumu, kwa muda wa kutosha kujua kwamba ni vyombo vizuri sana, vinavyofanya hata ndengu za Jumanne zionekane zimeandaliwa kwa heshima. Lakini haviharibikii mezani. Vinaharibikia kwenye beseni.

Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Vijiko vyeusi unavyoviona madukani, karibu vyote, ni chuma kisichoshika kutu kilichovishwa tabaka jeusi. Chuma hicho, ambacho historia yake inahusishwa sana na mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kina kromi ndani yake. Kromi ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana, na huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruza kijiko cha kawaida, utando hujirudisha wenyewe. Ndiyo maana vijiko vya mama yangu kule Seme vimesuguliwa kwa jivu na mchanga tangu nikiwa mtoto na bado vinang'aa. Weusi hauna uwezo huo. Ukitoka, umetoka, na hakuna sabuni wala dawa itakayourudisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza dukani ni kujua weusi huo umewekwaje. Aina moja ni rangi iliyopakwa au kupulizwa juu ya chuma kisha ikakaushwa kwa joto. Hiyo ni rahisi kwa bei na huanza kubanduka mapema, hasa kwenye ncha za uma na ukingo wa kijiko. Aina nyingine huitwa PVD. Kijiko huwekwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, metali kama titani inageuzwa kuwa mvuke, na mvuke huo unajishikiza juu ya chuma kidogo kidogo. Tabaka linalopatikana ni jembamba mno, mikroni moja au chache tu, ilhali unywele wa kichwani una mikroni 50 hadi 100. Ila ni gumu, na limeng'ang'ania chuma kuliko rangi yoyote ya kupaka. Ukiweza kumudu, nunua hiyo.

Muuzaji hatakuambia tofauti kila mara, na wengine hawaijui. Tumia macho. Geuza uma utazame pale meno yanapokutana na shingo: rangi ya kupaka hupenda kukusanyika kwenye vibonde hivyo, ikawa nene na ya mviringo. Tazama maandishi yaliyopigwa mhuri nyuma ya mpini. Kwenye PVD herufi hubaki kali na safi. Kwenye rangi huonekana kama zimejaa matope. Kisha lowesha kitambaa cheupe kidogo, sugua mpini kwa nguvu. Kitambaa kikichukua weusi, rudisha kijiko mahali pake, ushukuru, uende.

Maandishi hayo ya nyuma yana maana pia. 18/10 ni kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 10. 18/0 haina nikeli, na hushika kutu kwa urahisi zaidi ikiachwa kwenye chumvi na unyevu. Wengi wanajua jaribio la sumaku: 18/0 hunaswa vizuri, 18/10 hainaswi au hunaswa kwa udhaifu. Lijaribu kwenye kijiko na uma, usilijaribu kwenye kisu. Visu hutengenezwa kwa chuma kigumu cha aina nyingine ili vipate makali, na hunaswa na sumaku hata kwenye seti ya gharama. Nimeona mtu akikataa seti nzuri kabisa kwa sababu ya kisu.

Bonyeza shingo ya kijiko kwa dole gumba. Kikipinda dukani, fikiria kitafanywa nini na kiporo cha ugali kilichokauka.

Kuhusu mahali pa kununua, maduka makubwa ya mjini huwa na seti za watu 6, yaani vipande 24: kijiko kikubwa, kijiko cha chai, uma na kisu kwa kila mtu. Mimi nawapenda zaidi wauzaji wa vyombo pale Kibuye, hasa Jumapili soko linapojaa, kwa sababu unaweza kupata kipande kimoja kimoja na kuchagua kwa mkono. Na hili la kuchagua ni muhimu kwetu, kwa sababu seti ya vipande 24 imepangwa kwa meza isiyo yetu. Hapa samaki mzima huliwa kwa mkono. Ugali huliwa kwa mkono, na mrenda pia. Sioni sababu ya kununua visu 6 vyeusi ili vikae kwenye droo vikisubiri mgeni mmoja wa Krismasi. Nunua vijiko vikubwa kwa ajili ya wali, pilau, githeri na supu. Vijiko vya chai kwa wingi. Uma za kutosha watu wa nyumbani. Visu viwili vitatu vya matunda na siagi. Kama pesa ni kidogo, anza na vijiko vikubwa vya kupakulia na upawa mmoja, uviweke mezani pamoja na vijiko vyako vya kila siku vya rangi ya fedha. Vitatu tu vinatosha kubadilisha sura ya meza nzima, na wanaovishika ni wachache.

Sasa turudi kwenye beseni, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Nyumba nyingi za huku huosha vyombo vyote pamoja: sufuria za alumini, sahani, vikombe, vijiko, vyote ndani ya beseni moja, na waya wa kusugulia sufuria uko mkononi. Kwa vijiko vyeusi hiyo haifai. Waya, jivu, mchanga, na ule upande wa kijani na mkavu wa sponji, vyote vinakula tabaka. Kila mtu aliyewahi kumiliki kikaango kisichoshika chakula anajua somo hili. Mimi nimevitengea vijiko vyeusi kibakuli chao cha plastiki na sponji laini ya rangi tofauti. Vinaoshwa kwanza, maji yakiwa bado safi na ya vuguvugu, kwa sabuni ya kawaida ya maji, vinasuuzwa, vinafutwa. Sufuria zinafuata baadaye.

Umfundishe anayekusaidia kazi za nyumbani, na umfundishe kwa kumweleza sababu. Dada aliyelelewa akisifiwa kwa sufuria inayong'aa kama kioo ataona kijiko cheusi akidhani ni kichafu, au kimeungua, na atakisugua kwa bidii yote ili akufurahishe. Bidii hiyo si kosa lake. Mwonyeshe kijiko kimoja cha fedha na kimoja cheusi, mwambie kinachoweza kujirudisha na kisichoweza. Mama yangu akija kukaa, naye namweleza hivyo hivyo, kwa upole, na sponji laini naiweka karibu na mkono wake.

Ukiona alama ya kijivu juu ya weusi, usikate tamaa mara moja. Alumini ya sufuria ni laini, na tabaka la PVD ni gumu, kwa hiyo vikigongana kwenye beseni, mara nyingi ni sufuria inayoacha rangi yake juu ya kijiko. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, huo ni mkwaruzo wa kweli. Ukiteleza, huenda ni alumini tu. Jaribu kitambaa laini chenye siki kidogo na sabuni, kisha suuza upesi na ukaushe.

Usiviloweke usiku kucha. Chumvi ya mchuzi, ndimu ya kachumbari na ukwaju vikikaa juu ya chuma kwa saa nyingi hushambulia, na huanzia pale weusi ulipokwishapata tundu dogo. Kijiko kisilale ndani ya bakuli la kachumbari hadi asubuhi. Klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi: hutoboa chuma kisichoshika kutu, vijishimo vidogo vidogo kama vya sindano, na ukiviona umechelewa.

Kisha kukausha. Hapa wengi huegesha vyombo kwenye kichanja nje, jua la Kisumu likamaliza kazi. Kwa sahani ni sawa. Kwa kijiko cheusi, kila tone linalokauka lenyewe huacha duara jeupe, na juu ya weusi duara hilo huonekana kutoka mlangoni. Maji yetu ya bomba yanayotoka ziwani hayana shida kubwa sana. Dada yangu yuko Nakuru, anatumia maji ya kisima, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi. Kwake hata kijiko kilichooshwa vizuri hutoka na unga mweupe. Dawa ni ile ile, kitambaa kikavu mara tu baada ya kusuuza. Unga ukishakaa, siki iliyochanganywa na maji huutoa.

Kwenye droo, vitenge mbali na visu vingine na vifungua chupa. Mimi natandika kipande cha kitambaa cha pamba chini na kugawa nafasi kwa vibao vyepesi. Visu vilale makali yakitazama upande mmoja.

Na usiviazime. Nalisema hili kwa kufikiria, kwa sababu najua kwetu mtu akifiwa, jirani hafungi kabati. Vijiko, sahani, sufuria, viti, vyote vinatoka, na ndivyo inavyopasa kuwa. Kwa hiyo weka kando seti ya vijiko vya kawaida, imara, vilivyotiwa alama ya rangi ya kucha kwenye mpini, viwe tayari kwa matanga na harusi. Vitaoshwa kwa mchanga, vitarudi viking'aa, na kikipotea kimoja au viwili hutawaza sana. Ukiwa na seti hiyo, utatoa kwa moyo mweupe bila kuficha kitu.

Tukija kwenye kupamba, ushauri wangu ni mfupi: weusi unahitaji kitu cheupe au cha rangi ya udongo chini yake. Sahani nyeupe, hata zile za enameli zenye ukingo wa buluu, hupendeza kuliko sahani nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi humfanya mgeni apapase kijiko, hasa jioni taa zikiwa hafifu. Mkeka mdogo wa mafunjo, kama yale yanayoota ufuoni Dunga, una rangi ya dhahabu iliyopoa ambayo inauinua weusi vizuri mno. Bakuli la mawe ya kuchonga kutoka eneo la Tabaka kule Kisii, lenye rangi ya maziwa au waridi, likae katikati na ndizi au maembe. Kitenge chenye rangi kali kikunjwe kidogo pembeni, kisitandikwe meza nzima. Meza ikijaa maua na michoro, vijiko havionekani tena.

Samaki wakiwa ndio mlo, sipangi uma hata moja. Naweka birika na beseni la kunawa, kijiko kikubwa cheusi kwa ajili ya mchuzi, na vya kupakulia kwenye mboga ya osuga na ugali wa mtama. Chai ikija, vijiko vidogo vyeusi vinakaa juu ya kisahani cheupe karibu na sukari, na hapo kila mgeni hukishika kimoja na kukigeuzageuza.

Jambo la mwisho ni la siku ile ile ya kununua. Weusi hutofautiana kutoka kiwandani hadi kiwandani: mmoja una ukijivu, mwingine ubuluu, mwingine unang'aa ilhali wenzake wamefifia kwa makusudi. Vijiko vya chai ndivyo vinavyopotea kwanza, vikitupwa na maganda au vikiondoka kwenye mfuko wa shule wa mtoto. Ongeza vinne vya aina hiyo hiyo kabla hujatoka kwa muuzaji, uvifunge kwenye gazeti, uviweke nyuma ya kabati.