Maswali na majibu: Saratani Kanda ya Ziwa inahesabiwaje?

Wiki hizi wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu takwimu za saratani zinazotajwa redioni na katika mikutano ya hadhara. Nimechagua maswali matano na kuyafupisha.

Shikamoo daktari. Kila mara tunaambiwa Kanda ya Ziwa inaongoza kwa wagonjwa wa saratani. Je, ziwa letu lina sumu? (Msomaji, Igombe)

Marahaba. Kabla ya kulishtaki ziwa, tuwahesabu watu kwanza. Kwa sensa ya mwaka 2022, mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16 kati ya Watanzania milioni 61.7. Kwa hiyo, hata kama saratani ingesambaa sawasawa nchi nzima, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila wanne angetoka huku kwetu, bila sumu yoyote kuhusika. Ndiyo maana wataalamu hawalinganishi idadi ghafi, bali kiwango cha wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Hata kiwango hicho hupotosha kisiporekebishwa kwa umri. Chukua kata mbili za mfano, kila moja ikiwa na watu 20,000. Tuseme kwa mwaka saratani huwapata wazee 5 kati ya kila 1,000, na mtu 1 kati ya kila 2,000 wasio wazee. Kata yenye wazee 2,000 itapata wagonjwa 19, ilhali kata yenye wazee 800 itapata takribani 14. Hatari ni ileile kotekote. Kilichotofautiana ni umri wa wakazi.

Hata hivyo, maji yana kesi yao. Kichocho cha mkojo kilitambuliwa rasmi mwaka 1994 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa ni chanzo cha saratani ya kibofu. Lakini konokono wanaokieneza huku kwetu hupatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara, Usukumani, kuliko ufukweni. Kichocho cha ziwani hushambulia utumbo na ini, na wapo wanaokufa kwa kutapika damu kwa sababu yake, ila vifo hivyo haviingii katika hesabu ya saratani. Kwa suala hili, basi, lambo linatia shaka kuliko ziwa.

Takwimu za taifa hutoka wapi, ikiwa huku kisiwani hakuna aliyewahi kuja kutuhesabu? (Msomaji, Ukerewe)

Nyingi ni makadirio. Shirika nililolitaja, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya takribani 40,000 na vifo takribani 27,000. Hakuna mtu aliyewahesabu mmoja mmoja. Makadirio ya aina hii hutegemea rejista za saratani, yaani vitabu vya kuandikisha kila mgonjwa wa eneo fulani, zilizopo katika maeneo machache, zetu na za majirani. Rejista ya Kampala, ng'ambo ya ziwa, imekuwapo tangu mwaka 1951, na ni miongoni mwa kongwe kuliko zote Afrika.

Ubora wa rejista huamuliwa mezani, pale karani anapojaza fomu. Mvuvi wa Ukerewe anavuka hadi hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, anafikia kwa mpwa wake Nyegezi, na akiulizwa anakaa wapi anajibu kwa uaminifu, "Nyegezi." Hapo Nyamagana, wilaya ya Nyegezi, imeongezewa mgonjwa na Ukerewe imeonekana salama. Karani mzoefu huuliza kwa namna nyingine: "Kabla hujaanza kuumwa, ulikuwa unalala wapi?" Vivyo hivyo, mama aliyeandikishwa kwa jina la baba yake katika hospitali moja, na kwa jina la mumewe katika nyingine, huhesabiwa mara mbili asipokuwapo wa kulinganisha umri, kijiji na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa mwilini.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya wale wasiofika kabisa. Mzee aliyeshindwa kumeza ugali kwa miezi minne, akakonda na kuzikwa kijijini bila kupimwa, huenda alikuwa na saratani ya umio, yaani njia ya chakula, lakini hayumo katika kitabu chochote. Wilaya yenye saratani chache huenda ni wilaya isiyo na vipimo.

"Wagonjwa wapya" na "wanaoishi na saratani" si watu walewale? (Msomaji, Musoma)

La. Wa kwanza ni waliogundulika ndani ya mwaka husika. Wa pili ni wote walio hai tarehe fulani, wakiwamo waliogundulika miaka ya nyuma. Idadi ya wa pili ikipanda inaweza hata kuwa habari njema, kwa maana kwamba waliotibiwa wanaishi muda mrefu zaidi.

Ni saratani ipi kali kuliko zote? (Msomaji, Sengerema)

Kwa mgonjwa mmoja, daktari hutazama hatua ambayo ugonjwa umefikia, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Kwa jamii nzima tunahitaji kipimo kingine, na kinachotumika sana tangu miaka ya 1990 ni miaka ya maisha yenye afya iliyopotea. Tukichukua miaka 80 kuwa umri wa kulinganishia, mama aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 42 amepoteza miaka 38, na mzee aliyefariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na 76 amepoteza minne. Mtoto wa miaka saba aliyevimba taya kwa ile saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, akifariki, amepoteza miaka 73. Kisha hujumlishwa muda wa kuishi na maradhi: miaka miwili ya hali iliyopewa uzito wa nusu, yaani inayohesabiwa kumpunguzia mtu nusu ya afya yake, huhesabiwa kuwa mwaka mmoja uliopotea.

Ukitumia idadi ya vifo pekee, vifo hivyo vitatu ni sawa. Ndiyo sababu, kwa kanda yenye watoto na vijana wengi kama hii, napendelea miaka iliyopotea. Pamoja na hayo, kipimo hicho hakina safu ya ng'ombe waliouzwa ili kulipa nauli na mionzi, wala ya binti aliyeacha shule ili amuuguze mama.

Hospitali zinasema wagonjwa wameongezeka. Saratani inazidi? (Msomaji, Buzuruga)

Kwa sehemu, ndiyo; lakini watu wameongezeka pia. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu milioni 2.77 mwaka 2012 na milioni 3.70 mwaka 2022. Hospitali iliyopokea wagonjwa 300 mwaka wa kwanza ingetarajia 400 mwaka wa pili bila hatari kubadilika hata kidogo. Ongeza vipimo vilivyosogezwa karibu, na wapo watakaogundulika ambao zamani wangezikwa bila jina la ugonjwa.

Jihadhari pia na taarifa kwamba wagonjwa "wanaishi zaidi." Mama aliyegundulika mwaka 2018 na mwenzake aliyegundulika mwaka 2022, wote wakafariki mwaka 2024, wanaonekana mmoja kaishi miaka sita na mwingine miwili, ilhali huenda ugonjwa ulikwenda kwa mwendo uleule, ila wa kwanza aligundulika mapema. Kwa hiyo tazama vifo, si muda pekee.

Kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, usitarajie matokeo yake katika takwimu za leo. Wasichana hao watatimiza miaka 40 mwaka 2044, na ni katika umri huo na kuendelea ndipo wengi hugundulika na ugonjwa huu.