Kabla Hujaacha Kazi Ukalime, Piga Hesabu ya Kusubiri

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinitumia hesabu kwenye simu. Ekari mbili za nyanya, miche 16,000, kila mche kilo mbili, tenga la kilo 40 shilingi 25,000. Chini kabisa, kwa herufi nzito: milioni 20. Kisha ujumbe: "Shangazi, Dar nimechoka. Nipitishie macho, mwezi ujao nataka kuandika barua ya kuacha kazi."

Nilicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sikumcheka kijana. Hesabu hiyo niliiandika mwenyewe mwaka 2018, nimebanwa kwenye daladala ya Mbagala, ila yangu ilikuwa ya ekari moja. Na kwa kuwa maswali ya aina hii napata kila mwezi, acha nijibu mara moja, kwa kirefu.

Nianze na kilichonirudisha, maana siku hizi anayeongelea kilimo ama anakuuzia mbegu ama anakutisha. Nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku, mtoto keshalala. Mvua ikinyesha nalaani, kwa sababu Jangwani panafurika na njia zinafungwa. Sasa niko Ilula, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, na mvua ileile ikianza kugonga bati usiku najikuta natabasamu gizani. Asubuhi watu wakishapeana "kamwene", kinachofuata ni hiyo hiyo mvua: kwenu ilifika? Ilikatika saa ngapi? Kitu nilichogombana nacho miaka tisa mjini ndicho ninachokiombea.

Halafu chakula. Maji ya ugali yako jikoni ndipo natoka kuchuma majani ya maboga. Mahindi ya kuchoma mwezi wa tatu, maharage mabichi, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, msimu wa mvua kwa wanaokunywa (mimi naupenda ukiwa bado mtamu, ukishakomaa nawaachia wajomba). Mambo haya ni ya kweli, na kwangu hayajachuja. Anayekwambia kijijini hakuna raha, huyo huja kwenye misiba tu.

Sasa nyanya zangu.

Mwaka 2019 nilikodi kinyungu, ndivyo tunavyoita huku zile bustani za bondeni za kiangazi. Nikanunua mbegu chotara, nikasia kitalu, Mei nikapandikiza. Kazi sikuikwepa. Akaingia kantangaze, yule mdudu anayechimba ndani ya jani akahamia kwenye tunda, nikapiga dawa hadi mabega yakachubuka kwa mikanda ya bomba la lita 16. Karatasi yangu ilisema matenga 400. Nilivuna 170. Hata hayo yangenitoa salama, tatizo ni kwamba bonde zima tulipandikiza Mei, na bonde zima tukavuna Agosti.

Kuna jioni moja siisahau. Nina matenga 32 kando ya barabara kuu, yamejazwa kupita ukingo mpaka yamevaa kofia kama wanunuzi wanavyotaka. Vijana wanne wa kuchuma wamekaa juu ya jiwe wanasubiri malipo yao. Dalali anazunguka na simu sikioni, anabonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, anatikisa kichwa. Nikamtajia elfu ishirini. Akasema, "Mama, hiyo ni bei ya maombi. Nipe bei ya kuuzia." Saa kumi na mbili ikapita. Matenga ya chini yakaanza kutoa maji, unayaona yanachora mstari kwenye vumbi. Lori lilikuwa limewasha injini. Niliuza tenga kwa shilingi 6,000, nikawalipa vijana palepale, nikarudi nyumbani na pesa isiyofika hata ya dawa za wiki ile.

Msimu ulipoisha nilikuwa nimetumia milioni mbili na laki nne, nimeuza milioni moja na laki tatu na ushee. Nikamlaumu dalali mwaka mzima. Baadaye nikaelewa: yeye alijua kitu kimoja tu nilichokuwa sikijui, kwamba nyanya haisubiri na mimi pia sikuwa na cha kusubiria. Angenikuta na akiba ya miezi miwili ningelima nyanya hizo kidogo, nikapandikiza kwa mafungu, wiki tatu wiki tatu, badala ya kurusha kila kitu kwa mkupuo ili nipate milioni 10 za haraka. Na wakati huo huo, mita mia mbili kutoka pale, jirani alikuwa na magunia ya mahindi ndani, hana habari na lori la mtu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayetaka kurudi shamba halihusu mtaji wa kulima. Huo watu hukopa, hupewa na ndugu, huuza kiwanja. Nauliza: una pesa ya kusubiri? Yaani kutoka siku unayopanda hadi siku unayouza kwa bei unayoitaka wewe, nyumba itakula nini, mtoto atavaa sare gani Januari, ukiugua utapelekwa hospitali kwa nauli ya nani? Kwa mahindi ya huku, unapanda mwishoni mwa Novemba au Desemba, unavuna Juni na Julai. Bei nzuri, kama itakuja, inakuja Januari na Februari. Hesabu vidole. Ni zaidi ya mwaka, na tumbo linauliza kila siku.

Mama yangu hajasoma biashara, ila ndiye aliyenifundisha kusubiri. Sheria yake ya kwanza: magunia ya nyumba hayauzwi. Anayatoa kabla ya mnunuzi yeyote kufika, anayafunga, anayapanga nyuma ya mengine. Ya pili: usihifadhi mahindi mabichi kwa tamaa. Anachukua chupa kavu ya kioo, anaweka mahindi kidogo, anatia chumvi kavu kijiko kimoja, anafunga, anatikisa kwa dakika kadhaa, kisha anaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, turubai linarudi juani. Ikianguka yote chini, mahindi yamekaribia. Hata hapo bado huyaanika siku moja zaidi, kwa sababu ghala linataka unyevu wa asilimia 13 hivi na chupa haina namba. Kisha yanaingia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, akibaki ndani anakosa pumzi, na huna haja ya kuweka dawa yoyote kwenye chakula cha watoto. Panya akiutoboa, umerudi mwanzo. Sisi tunaiweka juu ya mbao, mbali na ukuta, na paka analala humo humo.

Mavuno ya 2021 tuliuza magunia manane mwezi wa saba ili kulipa vibarua na kununua mbolea ya msimu uliofuata. Kumi na mawili yakangoja hadi Februari. Bei ilikuwa karibu mara mbili. Usidhani kusubiri kunalipa kila mwaka, hapana. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, bei ikaanguka, na mama akiwa miongoni mwa walioweka stoo akauza kwa hasira. Nilikuwa Dar wakati huo, nikafurahia unga wa bei rahisi. Hiyo ndiyo sababu tunauza kwa vipande sasa, kidogo Julai, kidogo Oktoba, kilichobaki Februari. Hutapata bei ya juu kuliko zote, lakini hutakutwa uchi.

Mama ana msemo wake. Alikuwa binti mwaka 1972 TANU ilipokutana Iringa ikatoa lile tamko la Siasa ni Kilimo, na anasema tangu hapo amesikia kaulimbiu nyingi: kila moja ilikuja na mbegu, hakuna iliyokuja na mnunuzi.

Pesa ya kusubiri mimi naipata wapi? Kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa, meza moja na mwavuli, na kuku wa kienyeji 40 ambao idadi yao hupungua kila Krismasi. Angalia vizuri wakulima wanaoendelea huku, utakuta ana bodaboda, au mashine ya kusaga, au mke ni mwalimu. Shamba ndilo linalowapa jina, pembeni ndiko kunakowapa mboga. Ukiwa na kazi mjini inayokuingizia chochote, usiiite gereza haraka. Ndiyo bodaboda yako.

Mengine nayapitia mbio. Usinunue shamba mwaka wa kwanza, kodi. Na ukikodi, andikishianeni ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi, hata kama mwenye shamba ni baba mdogo, na hasa kama ni baba mdogo. Kinyungu kilicho ndani ya mita 60 kutoka mtoni ni kosa kisheria. Bei yake ya kukodi huwa nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Jiandikishe kijijini upate mbolea ya ruzuku, mpango uliorudi msimu wa 2022/2023, na ufanye mapema, siyo mvua imeshadondoka. Viwavijeshi vamizi wanaingia kwenye moyo wa mhindi mdogo. Ukiona unga kama wa msumeno wa mbao, ujue umechelewa kidogo, ukingoja Jumamosi umechelewa kabisa. Kwa hiyo shamba la "nitasimamia kwa simu" ni la kumlisha msimamizi.

Kisha kuna upweke, ambao haukuwemo kwenye karatasi yangu. Mwaka wa kwanza kijiji kiliamua kwamba nimefukuzwa kazi kwa wizi. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilisikia kwa mtoto. Rafiki zangu wa Dar walinipigia simu wiki mbili za mwanzo, baadaye wakawa wanapiga Julai kuulizia mchele, kama vile huku tunalima mchele. Nilizoea nilipoanza kwenda kwenye palizi za watu bila kuitwa, jembe langu begani. Ukimaliza ngwe yako pamoja na wenzako, maneno yanapungua yenyewe. Mgongo, lakini, haujazoea hadi leo.

Nimemjibu kijana wangu asiandike barua yoyote. Achukue likizo ya siku 28, aje mwezi ujao, Februari. Amekasirika kidogo, alitaka Juni wakati wa mavuno, kila mtu ana pesa na nyama inachomwa hadharani. Nimemwambia hapana, Februari: njia ina tope, duka halikopeshi, palizi ya pili imefika, na mama yake mkubwa wa jirani ameshaanza kuhesabu madebe yaliyobaki. Alale hapa wiki nne. Hesabu yake ya nyanya tutaifungua siku ya mwisho, tukiwa wote tumekaa juu ya gunia.

Amejibu jana usiku. Anauliza viatu vya mvua avinunue Kariakoo au huku vipo.