Maeneo ya ukaguzi na awamu zake: mambo ya kuamua kabla ya kupakia chochote kwenye programu

Idara nyingi za ukaguzi wa ndani hapa Nairobi zikishanunua programu ya kupangia kazi, ombi la kwanza huenda kwa watu wa rasilimali watu: tupeni muundo wa shirika. Muundo unapakiwa ulivyo, kila idara inageuka kuwa eneo la ukaguzi, yaani sehemu inayokaguliwa na kuripotiwa peke yake, na mwaka haufiki nusu kabla wakaguzi hawajarudi kwenye Excel. Tatizo haliko kwenye programu. Muundo wa shirika unaeleza nani yuko chini ya nani, na mkaguzi anatafuta jambo tofauti: kazi gani inafanyika, nani anaijibia, na wapi inaweza kuharibika.

Angalia malipo kwa wauzaji. Kazi hiyo inaanza manunuzi, inapita stoo na kuishia fedha. Ukiigawa kwa idara, utapata maeneo matatu ambayo hakuna hata moja linalogusa makabidhiano, na ni kwenye makabidhiano ndiko ankara hulipwa mara mbili na mali huandikwa kuwa imepokelewa kabla haijafika. Kwa hiyo gawa kwa mchakato kwanza, halafu ongeza maeneo machache ya mifumo (mfumo mkuu wa akaunti za wanachama, mshahara, haki za watumiaji) na ya mahali, yaani matawi.

Kila eneo unalolipendekeza, lipime kwa maswali matatu. Je, kuna mtu mmoja mwenye cheo anayelijibia? Je, linaweza kubeba ripoti yake lenyewe bila kuazima nusu ya maelezo kutoka eneo jingine? Je, linakaguliwa kwa siku za kazi kati ya 15 na 35 hivi? "Fedha" linashindwa swali la pili na la tatu. "Pesa taslimu za matumizi madogo, tawi la Gikomba" linapita la kwanza na kuanguka la tatu. Eneo lisilo na mwenyewe ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ripoti ikitoka hakuna wa kuijibu, na mapendekezo yatabaki wazi kwenye mfumo miaka na mikaka.

Tuseme ni SACCO, yaani ushirika wa akiba na mikopo, yenye makao makuu Upper Hill na matawi 12. Mikopo peke yake inatoa maeneo matatu: maombi na uidhinishaji, ambako wadhamini na uwezo wa kulipa hukaguliwa, utoaji wa fedha na makato ya waajiri, na ufuatiliaji wa mikopo iliyochelewa. Kila moja lina meneja wake na aina yake ya hitilafu. Miamala ya M-Pesa nayo inastahili eneo lake, kuanzia pesa inapoingia kwenye Paybill (namba ya shirika ya kupokelea malipo) hadi inapoonekana kwenye akaunti ya mwanachama, pamoja na ulinganisho wa kila siku. Ukiificha ndani ya "Hazina", itakaguliwa kwa nusu siku.

Matawi ndiyo yanayovuruga hesabu. Matawi 12 mara michakato minane ni mistari 96, na hakuna timu ya watu wanne itakayoimaliza. Lifanye kila tawi kuwa eneo moja linalobeba yale tu ambayo meneja wa tawi anayaamua: sefu na fedha taslimu, ufunguaji wa akaunti, funguo, mahudhurio. Yanayoamuliwa makao makuu yabaki kwenye michakato, hata kama karatasi zake zinatunzwa tawini. Andika mpaka huo kwenye sehemu ya maelezo ya kila eneo, sentensi mbili tu, ukitaja kilichomo na kisichomo. Bila hizo sentensi, wakaguzi wawili watapima faili zilezile za mikopo katika mwezi mmoja, na meneja wa tawi atalalamika kwa haki.

Ngazi zisizidi tatu: kundi, eneo, na pale inapobidi eneo dogo. Alama za hatari zitolewe kwenye ngazi ya chini tu. Kundi likipewa alama yake na watoto wake wakapewa zao, programu nyingi zitahesabu vyote viwili na "Mikopo" itaonekana mara nne kwenye orodha ya hatari kubwa.

Kuhusu alama, vigezo vitano vinatosha na uzito wake ufike 100: fedha zinazopita 25, ugumu wa mchakato 20, mabadiliko 20, hoja za ukaguzi uliopita 20, masharti ya sheria 15. Tumia kipimo cha 1 hadi 4. Ukiweka 1 hadi 5, watu watakimbilia 3, na nusu ya maeneo itakuwa na alama sawa. Muda tangu ukaguzi wa mwisho usiuchanganye na hatari; uweke kwenye safu yake na uutumie kupanga foleni. Eneo halizidi kuwa hatari kwa sababu tu halijatembelewa.

Kigezo cha mabadiliko kinastahili kuangaliwa kila robo mwaka. Mshahara ni mfano mzuri hapa Kenya: Oktoba 2024 makato ya SHIF, bima mpya ya afya, ya asilimia 2.75 yalichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 tayari ilikuwepo, na viwango vya NSSF, mfuko wa pensheni, vimekuwa vikipandishwa kwa hatua tangu Februari 2023. Eneo lililokuwa na alama 1 ya mabadiliko mwaka 2022 haliwezi kubaki hapo. Malipo kwa wauzaji nayo yalibadilika tangu Januari 2024, kwa kuwa gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), isipokuwa chache zilizosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi.

Sasa hesabu uwezo, kabla ya kugusa kalenda. Mkaguzi mmoja ana siku 260 za kazi kwa mwaka. Toa 21 za likizo, ambazo ndizo kiwango cha chini kwa Sheria ya Ajira ya 2007, toa 12 hivi za sikukuu, 5 za mafunzo na 5 za ugonjwa. Zinabaki 217. Toa asilimia 10 ya mikutano na shughuli za ofisi, unabaki na 195. Wakaguzi wanne wana siku 780. Tenga asilimia 15, yaani 117, kwa maombi ya dharura, na 43 za kufuatilia mapendekezo. Zimebaki 620, ambazo kwa wastani wa siku 25 kwa kila ukaguzi ni kazi 24.

Kama una maeneo 60, ambapo 12 ya hatari kubwa hukaguliwa kila mwaka, 24 ya wastani kila miaka miwili na 24 ya chini kila miaka mitatu, unahitaji kazi 12, 12 na 8: jumla 32, au siku 800. Umepungukiwa na 180. Hapa ndipo idara nyingi hushusha wastani kutoka siku 25 hadi 19 ili mpango utoshee. Msifanye hivyo. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika Januari 2025 vinamtaka mkuu wa ukaguzi aiambie bodi athari za rasilimali zisizotosha. Peleka pengo la siku 180 kwenye kamati ya ukaguzi likiwa na majina ya maeneo yatakayoachwa, waamue kama wataajiri, wataazima wataalamu wa nje au watakubali kusubiri.

Awamu za kila ukaguzi nazo zina kanuni moja ambayo hatuilegezi: awamu huisha kwa hati, haiishi kwa tarehe. Upangaji unafungwa jedwali linaloorodhesha kila hatari na udhibiti wake likisainiwa. Kazi ya nyanjani inafungwa kumbukumbu za kikao cha mwisho na wakaguliwa zikiwekwa kwenye faili. Uandishi unafungwa rasimu ikitumwa. Kisha inafuata awamu ambayo wengi huisahau, ya kusubiri majibu ya menejimenti, na mwisho ni kutoa ripoti na kufunga faili. Zinatosha tano.

Ile ya kusubiri ndiyo inayoharibu ratiba. Kila awamu ina vipimo viwili, saa za kazi na siku za kalenda, na programu nyingi huanza kwa kudhani ni kitu kimoja. Mpe mkaguliwa siku 10 za kazi za kujibu, na programu itamwandikia mkaguzi saa 80 za shughuli, ilhali anahitaji saa mbili tu za kupiga simu na kukumbusha. Matokeo yake mkaguzi anaonekana amejaa wiki mbili nzima na hapangiwi kitu. Kwenye kiolezo, yaani mpango tupu ambao kila ukaguzi mpya hunakiliwa kutoka kwake, weka muda wa siku 10 na kazi ya saa 2, kisha zima kipengele kinachokokotoa kimoja kutoka kwa kingine. Kwa ukaguzi wa siku 25, mgawo wa 6, 12, 5 na 2 kwa awamu zile nne nyingine ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya kazi kumi hivi, rekebisha kwa saa halisi zilizoandikwa.

Ufuatiliaji wa mapendekezo usiufanye awamu ya sita. Mapendekezo mengine huchukua miezi tisa, na ukaguzi wote utabaki wazi ukivuka mwaka. Ufungue kama kazi ya kudumu yenye siku zake 43.

Kalenda itangulie violezo: mwezi wa kuanza mwaka (Julai kwa taasisi za serikali na kaunti, Januari kwa SACCO nyingi), saa za kazi kwa siku, na sikukuu zote, Idd ikiachiwa nafasi ya kurekebishwa. Kazi za fedha zisiangukie Januari hadi Machi kama mwaka wenu unaisha Desemba, maana wahasibu watakuwa na wakaguzi wa nje.

Wakati wa kupakia kutoka Excel, namba za utambulisho zianze na herufi, mfano MIK-01. Ukiandika 0101, Excel itaifanya 101 na viungo vyote vitakatika. Tarehe ziandikwe 2025-03-05, kwa sababu 05/03 inaweza kusomwa Mei 3. Ondoa nafasi tupu mwishoni mwa majina, la sivyo utapata "Hazina" mbili. Pakia makundi kwanza, maeneo baadaye. Anza na eneo moja lililokaguliwa mwaka uliopita na ulipitishe awamu zote hadi ripoti itoke, ndipo upakie mengine.

Baada ya hapo mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kubadilisha orodha. Idara ikivunjwa, usifute eneo lake, lizime kwa tarehe na uandike lilihamia wapi; ukilifuta, hoja zote zilizofungwa humo zinapoteza anwani, na mkaguzi atakayekuja baadaye ataona eneo jipya lisilo na historia yoyote.