Tairi la mbele limerudi nyuma: maswali yenu kuhusu magurudumu na fenda

Fundi, gari langu ni la zamani. Tairi la mbele kushoto limesogea nyuma, karibu na mlango, ila la kulia limekaa katikati ya fenda. Nimeshauriwa nilegeze bolti za fenda niivute ilingane. Nifanye hivyo?

Usiguse bolti bado. Kwanza tujue kilichohama ni gurudumu au ni fenda. Fenda nyingi hufungwa kwenye matundu yaliyopanuliwa makusudi ili fundi bodi apate nafasi ya kuzisogeza, kwa hiyo ukipima kwa kuitazama fenda peke yake unaweza kudanganyika.

Simamisha gari sehemu tambarare, usukani umenyooka, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Fanya hivyo pande zote mbili. Tofauti ikiwa ni milimita chache tu, gurudumu liko mahali pake na bodi ndiyo iliyosogea. Upande wa kushoto ukiwa mfupi kwa sentimita nzima, tafuta chini ya gari.

Mimi huanza na bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye gari kwa chini, kwa kuwa ndizo zinazochoka zaidi na ndizo rahisi kukagua. Mtu mmoja aendeshe polepole sana mbele na nyuma huku akigusa breki, na wewe usimame pembeni, mbali na njia ya gari, ulitazame gurudumu. Bushi iliyokufa huliacha litembee ndani ya fenda kila breki inaposhika. Likitulia, kagua kama mkono wenyewe umepinda: ufananishe na wa upande wa pili, maana kupinda kidogo hakuonekani ukiutazama peke yake. Mwisho kagua sabufremu, fremu ndogo ya chini ambayo mikono hiyo imefungwa kwayo. Ikiwa imehama, mara nyingi utaona karibu na vichwa vya bolti alama ya washa mahali ilipokuwa zamani, chuma safi katikati ya uchafu na kutu.

Je, gari huvuta kushoto ukiachia usukani kidogo? Kama ndiyo, hilo linaunga mkono shaka ya mkono au bushi. Sehemu ya chini ya gurudumu ikirudi nyuma, mwinamo wa mhimili wa usukani (mstari ambao gurudumu hugeukia ukikata kona, ulioegama nyuma) upande huo hupungua, na gari huelekea huko.

Kuna magari yaliyotoka kiwandani hayalingani. Renault 4, 5 na 16 zina vyuma vya msokoto vya nyuma (fito zinazojisokota kufanya kazi ya springi) vilivyolazwa kimoja nyuma ya kingine, ndiyo maana umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutofautiana kushoto na kulia. Kwa Renault 16 tofauti hiyo ni takriban sentimita 7. Mwenye gari hilo asihangaike kulinyoosha.

Kona ya mbele kulia imeshuka sentimita 2 hivi. Nimebadilisha springi zote mbili za mbele, bado imeshuka. Springi mpya ni mbovu?

Inawezekana, ila mimi ningetazama nyuma kwanza. Springi dhaifu ya nyuma kulia huinamisha gari lote upande wa kulia, na kona ya mbele ya upande huo hushuka pia. Weka jeki katikati kabisa ya ekseli ya nyuma, kama gari lako lina ekseli ngumu (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili), uinue kidogo hadi springi za nyuma zisiamue mlalo wa gari. Usiingie chini. Mbele ikisawazika, tatizo liko nyuma. Ikibaki imeinama, liko mbele.

Hapo ndipo ukague kama ncha ya springi imekaa kwenye kiti chake, na kama zile mbili ni za namba moja, kwa sababu baadhi ya magari hutumia springi tofauti kushoto na kulia. Uliza pia bushi zilikazwaje. Fundi akikaza bolti za mikono wakati magurudumu yananing'inia, mpira hujisokota gari likishuka na kulishikilia juu upande mmoja. Legeza, shusha gari libebe uzito wake, ndipo ukaze.

Na pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, si kutoka ardhini. Upepo mdogo kwenye tairi moja unatosha kuharibu kipimo cha ardhini.

Baada ya kuinua gari langu la ekseli ngumu mbele, tairi la upande mmoja limetokeza nje ya fenda na la pili limezama ndani. Nimepinda chasisi?

Hapana. Fimbo inayoizuia ekseli isiende kando imefungwa upande mmoja kwenye chasisi na upande wa pili kwenye ekseli. Ukiinua gari, fimbo hulala kwa pembe kali zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chasisi. Weka fimbo inayorekebishika urefu.

Alaimenti (upimaji wa pembe za magurudumu) imetoka sawa, lakini rimu moja ya mbele imetokeza kuliko nyingine.

Badilishana magurudumu ya mbele, la kushoto liende kulia. Kutokeza kukihama pamoja na gurudumu, rimu hazifanani.

Fenda mpya haikai. Nafasi yake na mlango ni nyembamba juu na pana chini.

Funga mlango kwanza uutazame dhidi ya nguzo ya nyuma yake na mlango unaofuata. Bawaba zilizolegea hushusha mlango, na hapo unaweza kuilaumu fenda bure. Mlango ukiwa sawa, weka washa nyembamba kati ya fenda na bodi, penye bolti, moja moja, ukifunga boneti kila mara kuangalia. Usikubali mtu aanze na puti (lipu ya kuziba mabonde ya bodi) kabla ya hapo.