Maswali na Majibu: Attenborough, jina la nadra kutoka kando ya mto Trent

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba Attenborough ni jina la nadra hata huko kwao Uingereza. Maswali yakamiminika. Nimechagua haya, kwa kuwa mengi ya yaliyobaki yanauliza mambo yaleyale.

Shikamoo. Sisi tunamjua David Attenborough kwa sauti yake kwenye filamu za wanyama. Jina lenyewe asili yake ni wapi? – Msomaji, Arusha

Marahaba. Kuna kijiji kinachoitwa Attenborough, kusini-magharibi mwa jiji la Nottingham, ukingoni mwa mto Trent. Ni karibu na pale mto Erewash unapomwaga maji yake, na Erewash ndio mpaka wa kaunti mbili, Nottinghamshire na Derbyshire. Kina kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Henry Ireton, jemadari aliyemuoa binti wa Oliver Cromwell, yule aliyeitawala Uingereza karne ya 17 bila mfalme, ni mzaliwa wa hapo na alibatizwa mwaka 1611.

Wakati majina ya ukoo yalipokuwa yanashika mizizi Uingereza, mtu akihama kijiji chake, wenyeji wa alikofikia walimwita kwa kijiji alikotoka. Watoto wakalirithi, wajukuu nao hivyohivyo. Matajiri na wakubwa ndio walioanza, baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kufikia karibu 1400 watu wengi wa kawaida wa kusini na katikati ya Uingereza nao walikuwa na jina la kurithi.

Wapo wataalamu wenye maelezo mengine: kwamba kwa baadhi ya koo jina halihusiani na kijiji hicho, bali lilimaanisha tu mtu anayekaa penye ngome au jumba la bwana wa eneo. Lugha ya Kiingereza ya zama zile inaruhusu maelezo hayo. Mimi naegemea kijiji, na sababu yangu ni ramani. Ngome na majumba ya mabwana yalikuwa kila kona ya nchi, hivyo jina la namna hiyo lingechipuka huku na kule. Attenborough halikufanya hivyo. Limejibana palepale, pande zote mbili za Erewash.

Kwa nini Smith wamejaa kila mahali, na jina kama hili lina watu wachache? Au hawakuzaana? – Msomaji, Nakuru

Walizaana, tena sana. Tofauti iko mwanzoni. Smith ni mhunzi, na kila mji ulikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina hilo lilianza mara mamia kwa watu wasiojuana. Jina la kijiji kimoja kidogo huenda lilianza na mtu mmoja au wawili.

Sasa mfikirie huyo mtu mmoja. Jina linapita kwa watoto wa kiume. Akipata mabinti watupu, limekwisha. Akipata wana watatu, wawili wakafa utotoni na mmoja akawa padri, limekwisha vilevile. Mwanasayansi Francis Galton aliliuliza jambo hili hadharani mwaka 1873: kuna uwezekano gani jina la ukoo lizimike kwa bahati tu, bila vita wala njaa? Mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, akalifanyia hesabu, na mwaka 1874 wakachapisha pamoja. Hesabu hiyo leo inatumika mpaka kwenye fizikia ya nyuklia na katika kufuatilia maambukizi, lakini chanzo chake kilikuwa majina ya koo.

Na hiyo ni kabla hujaweka Tauni Kuu ya 1348 na 1349, iliyoua thuluthi moja ya watu wa Uingereza au zaidi. Majina mengi yaliyokuwa machanga yalizikwa na wenyewe. Nikiliona jina la nadra lililofika hadi leo, huwa naliheshimu kwa hilo peke yake.

Wenye jina hili wanapatikana wapi hasa? Na inajulikanaje? – Msomaji, Morogoro

Chombo kikuu ni sensa. Uingereza ilianza sensa ya kila miaka kumi mwaka 1801, lakini kumbukumbu zinazotaja kila mtu kwa jina zinaanza 1841, na kuanzia 1851 kila mtu aliulizwa amezaliwa parokia gani. Sensa ya 1881 ndiyo kipenzi cha watafiti wa majina, kwa sababu watu wa kujitolea waliinakili yote, jina kwa jina, hivyo unaweza kuchora ramani ya ukoo mzima. Ukichora ya Attenborough unaona wingu zito juu ya Nottinghamshire na Derbyshire, doa la pili London, na kwingineko wachache waliotapakaa.

Kabla ya kompyuta alikuwapo Henry Brougham Guppy, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1890 alichapisha kitabu kuhusu makazi ya majina ya koo. Alihesabu wakulima tu kutoka kwenye orodha za biashara za kila kaunti, akiamini kwamba mkulima ndiye asiyehamahama. Ilikuwa njia ya mkato, lakini ya mtu aliyeielewa kazi yake, na mengi aliyoyaona yalikuja kuthibitika.

Kwa nini walibaki palepale miaka mia tano? Sheria ilichangia. Tangu 1662, parokia ilikuwa na haki ya kumrudisha alikotoka mgeni fukara anayeweza kuja kuomba msaada. Kibarua alihama vijiji viwili au vitatu kutafuta kazi na mke, akaishia hapo. Njia ya reli kati ya Nottingham na Derby, iliyofunguliwa 1839, ilipita eneo hilohilo, na migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya lesi vya bonde la Erewash viliwapa vijana kazi karibu na kwao.

Doa la London nalo lina maelezo. Katika karne ya 19, Attenborough lilikuwa jina maarufu la wenye maduka ya rehani na vito katika jiji hilo. Duka lao moja lilikuwa mtaa wa Fleet Street, kwenye kona ya Chancery Lane. Mtu akiishiwa alipeleka saa yake kwa Attenborough.

Kijiji chenyewe leo kinajulikana zaidi kwa ndege. Machimbo ya kokoto kando ya mto yalijaa maji, yakawa mabwawa, na mwaka 1966 yakafunguliwa rasmi kuwa hifadhi. Mfunguzi alikuwa David Attenborough.

Ninasoma Leicester. Chuoni kuna jengo refu linaitwa Attenborough. Wenzangu wanasema ni la heshima ya huyu wa wanyama. Kweli? – Mwanafunzi, Leicester

Hapana, ni la baba yake, Frederick Attenborough. Alizaliwa 1887 Stapleford, Nottinghamshire. Tazama ramani: ni kilomita chache tu kutoka kijiji cha Attenborough. Baada ya karne zote hizo ukoo ulikuwa bado unaona ukungu wa mto uleule.

Yeye ndiye aliyeondoka. Elimu ilimpeleka Cambridge, akawa msomi wa sheria na lugha za Waingereza wa kale, na mwanawe Richard, yule mwigizaji na mwongozaji wa filamu, akazaliwa huko 1923. Akahamia chuo cha ualimu Isleworth, magharibi mwa London, na David akazaliwa huko 1926. Kisha kuanzia 1932 hadi 1951 akawa mkuu wa chuo chenu, enzi hizo kikiwa chuo kidogo sana ndani ya jengo lililowahi kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vita vilipokaribia mwaka 1939, yeye na mkewe waliwapokea mabinti wawili wa Kiyahudi waliokimbia Ujerumani na wakawalea pamoja na wanao watatu. Kwangu mimi hilo linatosha kumpa mtu jengo la ghorofa 18.

Waulize wafanyakazi wa zamani kuhusu lifti ya jengo hilo. Kwa miaka mingi ilikuwa mnyororo wa vijumba visivyo na milango, vinavyozunguka bila kusimama. Ulitakiwa kurukia ndani kikiwa kinapanda, na kuruka nje ukifika ghorofa yako.

Je, wote wenye jina hili ni ndugu wa damu? – Msomaji, Mombasa

Jibu hili nalo linatoka Leicester, na si kwa bahati: hapo ndipo Alec Jeffreys alipogundua alama za vinasaba, yaani njia ya kumtambua mtu kwa DNA yake, mwaka 1984. Watafiti Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester waliwapima wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti ya Kiingereza. Walipima kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana kama anavyompa jina la ukoo. Matokeo kamili yalichapishwa 2009.

Kwa Smith hawakukuta undugu wowote wa maana. Ni sawa na kuokota wanaume njiani. Kadiri jina lilivyokuwa la nadra, ndivyo undugu ulivyojitokeza. Attenborough na jina jingine la nadra, Swindlehurst, yaliongoza: zaidi ya asilimia 70 ya wanaume walikuwa na kromosomu moja au zinazokaribiana mno. Maana yake wengi wao ni uzao wa mwanamume mmoja wa zamani sana.

Wasioungana nao si wageni kwenye ukoo. Wapo walioasiliwa, wapo waliochukua jina la mama au la baba wa kambo, na wapo waliopatikana nje ya ndoa. Watafiti walikadiria kwamba mambo ya namna hiyo yalitokea kati ya asilimia 1 na 4.5 hivi kwa kila kizazi. Ni kidogo, lakini kwa vizazi ishirini hujumlika. Anayeitwa Attenborough, akalelewa na Attenborough, ni Attenborough, na mwenye kutumia kipimo kumtoa mtu kwenye ukoo wake anakitumia vibaya.

Nilisikia kuna jina la Kizungu ambalo wenyewe wana asili ya Afrika. Ni uzushi? – Msomaji, Bukoba

Si uzushi. Ilitangazwa 2007, na watafiti ni walewale wa Leicester. Mwanamume mmoja mweupe, asiye na habari yoyote ya asili ya Kiafrika kwao, alikutwa na kromosomu Y ya kundi A1, ambalo kwa ushahidi wao lilitoka Afrika Magharibi. Wakawatafuta wenye jina lake, jina la nadra la mashariki mwa Yorkshire, wakapata 18. Saba walikuwa nayo. Nyaraka ziliwaweka kwenye nasaba mbili zinazofuatika nyuma hadi Yorkshire ya mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha kwamba nasaba hizo zinakutana vizazi vichache nyuma zaidi.

Babu huyo wa Kiafrika huenda alifika enzi za biashara ya utumwa, au alitokana na mtu aliyefika zamani zaidi. Waafrika walikuwapo Uingereza tangu Warumi. Karne ya 3 kikosi cha askari wa Kimoor kutoka Afrika Kaskazini kililinda ukuta wa Hadrian, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza. Katika chapisho lao watafiti hawakulitaja jina la ukoo huo, nami siandiki.

Basi ukoo wa Sykes wa Dar es Salaam, wenye jina la Kizungu, ni wa Yorkshire? – Msomaji, Tanga

Si wa huko. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929 na baba wa Abdulwahid, Ally na Abbas, alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji aliyeletwa na jeshi la Wissmann wakati Wajerumani wakipigana na Abushiri. Sykes wa Yorkshire ni wengine kabisa. Profesa Bryan Sykes wa Oxford aliwapima wanaume 48 wa jina lake mwaka 2000, na karibu nusu walikutwa na kromosomu moja. Tahajia ni ileile, damu mbali.

Babu mzaa mama alikuwa Mwingereza aliyekuja Kongwa kwenye mradi wa karanga, kisha akaondoka. Jina lake ni la nadra mno. Nianzie wapi? – Msomaji, Dodoma

Unadra huo ndio bahati yako. Anayemtafuta babu aitwaye Smith hana pa kushika. Wewe huenda ukakuta familia tatu tu.

Mradi wa karanga ulikuwa 1947 hadi 1951, kwa hiyo anza na orodha za abiria wa meli waliotoka Uingereza, zilizoko kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka huko Kew, London. Zinaanzia 1890 hadi 1960, na kwa miaka hiyo hutaja umri, kazi na mara nyingi anwani ya mwisho. Ukiipata anwani, nenda kwenye orodha ya wananchi iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939, yenye tarehe kamili ya kuzaliwa. Usishtuke akikosekana, kwani waliokuwa tayari jeshini hawakuandikwa humo. Watafute wazazi wake. Sensa ya 1931 usihangaike nayo, iliungua moto 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ya 1921 ipo wazi.

Kisha cheti cha kuzaliwa. Serikali inasajili vizazi tangu Julai 1837, na kuanzia 1911 faharasa yenyewe inaonyesha jina la ukoo la mama, hivyo utamtofautisha babu yako na binamu mwenye majina hayohayo. Zaidi ya hapo kuna madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo tafuta kila tahajia inayotamkika. Attenborough huonekana hata kama Attenborrow.

Lakini kabla ya yote, kaa na mama yako. Muulize babu alikuwa dereva wa trekta, fundi au karani, na kama barua yoyote au picha yenye muhuri ilibaki. Kwenye orodha ya meli, kazi yake ndiyo itakayokuonyesha yupi kati ya hao watatu ni wako.