Dawa za mitishamba za kuchomeka na mchaniko wa njia ya haja kubwa

Maswali ya sehemu hii ya mwili huja na maneno ya aibu: "samahani kwa swali hili", "usinicheke". Hakuna cha kucheka. Mchaniko huu unaliza watu wazima, na wengi huhangaika na dawa za kununua kwa siri kabla ya kumwona daktari.

*Shikamoo daktari. Nina mchaniko njia ya haja kubwa. Nikienda chooni ni kama napitisha vipande vya chupa. Nimeuziwa dawa ya mitishamba ya kuchomeka, naambiwa ni ya asili, haina madhara. Nitumie?*

Marahaba, na pole sana. Nakushauri usiitumie. Sababu ya kwanza ni mahali kidonda kilipo. Mchaniko huwa pale pale mlangoni, kwenye sentimita chache za mwisho, mara nyingi upande wa nyuma. Dawa ya kuchomeka imechongoka ili ipite: ukiisukuma inakikwaruza kidonda, inakipita, kisha inaenda kuyeyukia juu yake. Maumivu unayapata, dawa haikai panapouma.

Na kuna msuli wa ndani unaobana haja. Ukiumia, unakaza. Ukikaza, damu inayofika kwenye kidonda inapungua, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Kila unapoingiza kitu kwa nguvu unaushtua tena.

Kuhusu "asili", angalia kifurushi. Viungo vyote vimeandikwa, na kiasi chake? Utumbo wa mwisho hunyonya dawa vizuri, na sehemu yake huingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Baadhi ya dawa hizi zina beladona, mmea unaoweza kukausha mdomo, kufanya moyo uende mbio, kuzuia mkojo, na tena kufunga choo, jambo ambalo wewe hulitaki hata kidogo. Dawa nyingine za mitishamba zimewahi kukutwa na steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo hazikuandikwa. Steroidi hutuliza kwa siku chache, lakini zikitumika muda mrefu hukondesha ngozi.

*Jirani anasema nichomeke punje ya kitunguu saumu, au nipake mafuta ya nazi.*

Kitunguu saumu hapana kabisa! Kibichi kinaunguza hata ngozi nzima ya mkono, sembuse kidonda. Mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kidogo, yakipakwa kwa nje kabla ya kwenda chooni, hupunguza msuguano. Hayaponyi, ila mara nyingi hayadhuru. Kumbuka tu kwamba mafuta huharibu kondomu za mpira.

*Nimeshaitumia siku kadhaa na maumivu yamepungua. Niache?*

Acha. Huenda mafuta yaliyomo yamelainisha njia, huenda ndani mna dawa ya ganzi au steroidi, na huenda choo chako kimelainika chenyewe. Ukienda kwa daktari nenda na kifurushi, usikifiche. Ukiona moyo unaenda mbio, macho yana ukungu au mkojo hautoki, nenda hospitali leo hii.

*Sasa nitumie nini?*

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu dawa kuu ya mchaniko ni choo laini. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku: kunde, mboga za majani, matunda, nafaka zisizokobolewa. Ongeza kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi, na maji yaongezeke pamoja nazo. Chakula kisipotosha, kuna dawa za kulainisha choo kama laktulosi.

Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya choo. Usitie dawa ya kuua vijidudu, chumvi wala sabuni. Yale maji ya uvuguvugu ndiyo yanayolegeza msuli. Haja ikikubana, nenda. Ukiahirisha, choo kinakauka. Usijikamue kwa nguvu, na simu iache nje.

Michaniko mingi mipya hupona hivyo ndani ya wiki chache. Ikivuka wiki 6 hadi 8 tunaiita sugu, na hapo daktari huandika dawa ya kupaka inayolegeza msuli, kama diltiazemu au nitrogliserini. Nitrogliserini huumiza kichwa, na kamwe isichanganywe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwani shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Zikishindwa, kuna sindano ya botulini, ambayo nayo hulegeza msuli, na upasuaji mdogo wa msuli huo. Upasuaji huponya watu wengi sana, ila wachache hubaki na shida ya kuzuia upepo au choo.

*Nina mimba ya miezi saba. Na mwanangu wa miaka miwili naye anatoka damu.*

Mama, usichomeke mitishamba yoyote, kwa sababu baadhi ya mimea huamsha mfuko wa uzazi. Nyuzinyuzi, maji, beseni na laktulosi vinakufaa. Mweleze mkunga wako. Mtoto naye asichomekwe kitu. Mpeleke apimwe, kwa kuwa wengi wa umri wake huchanika kwa choo kigumu, kisha huanza kukizuia kwa kuogopa kuumia.

*Nitajuaje kama si mchaniko wa kawaida?*

Mchaniko hutoa damu nyekundu kidogo kwenye karatasi, na maumivu yanayoweza kudumu saa kadhaa baada ya choo. Damu nyingi, choo cheusi, usaha, homa, kupungua uzito, au mchaniko ulio ubavuni badala ya nyuma au mbele vinahitaji kipimo. Chanzo kinaweza kuwa jipu, kifua kikuu, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au saratani. Ukifika, usimwambie daktari "nina bawasiri" ukaishia hapo. Mweleze rangi ya damu, maumivu hudumu muda gani, na kila ulichopaka au kuchomeka.